Je, Simu Inaharibu Macho ya Mhudumu Wetu?



Katika vikundi tunavyotembelea, kuanzia Mutomo na Ikutha hadi Mwingi, na upande wa Makueni kuanzia Wote hadi Kibwezi, tunasikia lalamiko moja. Linatoka kwa wahudumu wa afya ya jamii, wale tunaowaita CHP. Wanasema, "Tangu tupewe hii simu ya kazi, macho yangu yameisha." Wengine wanasema macho yanawasha kama yameingia pilipili. Wengine wanasema maandishi yanachezacheza. Na kuna wengine wasiosema lolote, na hao ndio wanaotutia hofu zaidi, kama mtakavyoona mbele kidogo.

Somo letu la leo ni juu ya macho ya watu wanaotupima na kututibu huku wakitazama skrini. Tutasema zaidi juu ya CHP, kwa sababu huyo ni mwenzetu kabisa. Tunachimba naye mitaro katika mwethya, tunachanga naye katika mzunguko, na usiku mtoto akiwaka homa ni mlango wake tunaogonga. Akikosea kuona, tunaoumia ni sisi.

Kazi yenyewe imebadilika

Zamani mhudumu alibeba rejista kubwa na kalamu. Mistari ilikuwa mipana, na mwandiko ulikuwa wake mwenyewe, kwa hiyo hata kama haoni vizuri alijua alichoandika. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ilizindua mpango mpya huko Nairobi, na wahudumu wapatao 100,000 nchi nzima wakaanza kupewa mikoba ya vifaa na simu za kazi. Ndani ya mkoba kuna mashine ya presha, ya kupima sukari, kipimajoto, mizani, na ule utepe wa kupima mkono wa mtoto. Kila mhudumu anatarajiwa kuangalia nyumba kama 100, na kila anachokiona anakiingiza katika simu. Posho iliyopangwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, wahudumu wakaongezewa kazi ya kuwasaidia watu kujiandikisha, na hapo namba ndefu zikazidi.

Basi mfikirie mama wa miaka 48 ambaye maisha yake yote ametazama mbuzi ng'ambo ya korongo na ndengu kwenye sinia. Leo anatakiwa kutazama herufi ndogo kama siafu, juani, saa tatu au nne kwa siku.

Hospitalini ni hivyo hivyo. Programu ya KenyaEMR, inayotunza rekodi za kliniki za ukimwi, ilianza kusambazwa nchini mwaka 2012, na tangu wakati huo kompyuta zimeingia maabara, famasi, mapokezi na chumba cha daktari. Sista tuliyezoea kumwona na faili mkononi sasa yuko mbele ya skrini kutwa nzima.

Simu haijaunguza macho

Jambo la kwanza tunalotaka kila mhudumu alisikie ni hili: mwanga wa simu hauunguzi jicho wala hauleti upofu. Mwanga huo ni hafifu sana ukilinganisha na jua la saa sita la Ukambani, ambalo macho yetu yamelivumilia tangu tuzaliwe. Sasa mbona anaumia? Hebu tuangalie kinachotokea.

Mtu akiwa anaongea au anatembea hupepesa macho kama mara 15 kwa dakika. Kila akipepesa, kope hutandaza machozi juu ya jicho. Akikazia macho skrini, kupepesa hupungua hadi nusu, au hata chini ya nusu, na yeye mwenyewe hajui. Jicho linakauka. Sasa ongeza ile miezi ya Julai hadi Oktoba, upepo mkavu, vumbi la barabara ya murramu na safari ya bodaboda. Jicho litawasha, litakuwa jekundu, na la ajabu ni kwamba jicho lililokauka hutiririsha machozi, kwa sababu mwili unajaribu kuliokoa. Ndiyo maana mtu huambiwa "macho yako yana maji mengi" kumbe shida yake ni ukavu.

Pili, misuli ya jicho huchoka. Kutazama mbali ni mapumziko kwa jicho, lakini kutazama karibu ni kazi. Kushika simu karibu na uso kwa saa mbili ni kama kubeba mtungi wa lita 20 mkono ukiwa umekunjwa. Mtungi hautakuvunja mkono, lakini jioni utausikia.

Hayo mawili humpata kijana na mzee. La tatu ni umri, nalo ndilo kubwa kuliko yote hapa kwetu, kwa sababu wahudumu wetu wengi ni kina mama na kina baba waliovuka miaka 40. Ndani ya jicho kuna lenzi laini ambayo hubadilika umbo ili tuone karibu. Kuanzia kama miaka 40 lenzi hiyo inazidi kuwa ngumu. Mbali unaona sawa, hata ng'ombe wa jirani unamtambua, lakini uzi hauingii kwenye sindano, vijiwe vinapita kwenye ndengu, na kitabu cha nyimbo unakisogeza mbali hadi mkono unakuwa mfupi. Huo si ugonjwa wala si laana. Hakuna anayeepuka, hata bibi ambaye hajawahi kushika simu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 826 duniani hawaoni karibu vizuri kwa sababu hiyo, na wangeona kama wangekuwa na miwani inayowafaa.

Kwa hiyo mhudumu akisema simu imemharibu macho, mara nyingi ukweli ni kwamba macho yalikuwa yamekwisha badilika, na simu ikamfichulia.

Siri ambayo haisemwi

Tulisema tunawahofia wasiosema. Mhudumu anaona aibu. Anafikiri akikiri kwamba haoni maandishi, chifu au msimamizi wake atamtoa na posho iende kwa kijana. Basi anatafuta njia. Jioni anamwita mtoto wake wa darasa la saba: "Kuja unisomee hapa, bonyeza hapo."

Tunaelewa kwa nini anafanya hivyo, na hatutaki mtu amcheke. Lakini tuseme wazi kilichomo ndani ya ile simu. Mna jina la mama aliye mjamzito ambaye hajamwambia hata mumewe. Mna mzee anayekunywa dawa za kifua kikuu. Mna msichana aliyeuliza juu ya kupanga uzazi. Mtoto wa darasa la saba akishayasoma hayo, kesho yako kisimani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa ni habari nyeti. Hata bila sheria, kijiji kikishajua kwamba siri zinavuja, milango itafungwa. Mhudumu atapita nyumba zote 100 na ataambiwa kila mahali "sisi ni wazima tu."

Na kuna hatari ya namba. Chukua mfano huu. Mhudumu amempima nyanya wa jirani presha.

"Susu, presha yako si mbaya, ni mia na thelathini na sita."

"Mwana wakwa, mbona basi kichwa kinaniuma hivi tangu asubuhi?"

"Labda ni jua, susu. Kunywa maji upumzike."

Kama kwenye kioo cha mashine kulikuwa na 186 na si 136, susu huyo alitakiwa kupelekwa kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tatu na nane zinafanana kwa jicho lisiloona karibu. Ule utepe wa mkono wa mtoto pia: chini ya sentimita 11.5 mtoto ana utapiamlo mkali, kati ya 11.5 na 12.5 ni wa kadiri. Rangi zinasaidia, lakini kwenye mpaka wa nyekundu na manjano ni macho tu yanayoamua. Na kwenye kujiandikisha SHA, tarakimu moja ya kitambulisho ikikosewa, mtu anaweza kufika dirisha la hospitali na kuambiwa hajulikani. Ataulaumu mtandao, ataulaumu mfumo, na wala hatajua kosa lilianza chini ya mwembe wa nyumbani kwake.

Miwani ya kusomea, na ile isiyohitajika

Dawa ya macho ya umri ni miwani ya kusomea. Haiponyi, inasaidia tu, kama fimbo. Namba zake huandikwa +1.00, +1.50, +2.00 na kuendelea, na kwa kawaida huongezeka kadiri umri unavyosonga. Namba sahihi ni ile ndogo kabisa inayokuwezesha kusoma vizuri simu ikiwa mahali unapoishika. Je, ishikwe wapi? Kunja ngumi, iweke usoni: kutoka ngumi hadi kiwiko ndiyo nafasi nzuri kati ya jicho na simu.

Ukichukua namba kubwa mno utaona vizuri pale karibu sana tu, na kichwa kitauma, lakini jicho halitaharibika. Na ile imani kwamba "ukianza miwani macho yanazoea na kuharibika" si kweli. Lenzi itaendelea kuwa ngumu, uvae usivae.

Kuna ushahidi kwamba kitu hiki kidogo kina faida kubwa. Huko Assam nchini India, wachuma chai wenye umri wa miaka 40 na zaidi walipewa miwani ya karibu, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba chai waliyochuma iliongezeka kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao ambao walikuwa hawajapewa. Huko Bangladesh, katika utafiti uliotolewa mwaka 2024, mapato ya mafundi na wafanyakazi wa mikono waliopewa miwani yalipanda kwa karibu theluthi moja. Hao hawakushika simu za kliniki, lakini macho ni yale yale. Na kwa bei, miwani ya kawaida ya kusomea mara nyingi ni chini ya bei ya jogoo mmoja siku ya soko.

Sasa tuwaonye juu ya ile nyingine. Siku hizi kuna wachuuzi wanaouza "miwani ya kompyuta" yenye kung'aa rangi ya buluu, wakisema inazuia miale inayoua macho. Wengine wanaiuza mara tano ya bei ya miwani ya kusomea. Mwaka 2023 wataalamu wa kundi la Cochrane walikusanya majaribio 17 yaliyofanywa juu ya lenzi za namna hiyo, na hawakuona kwamba zinapunguza uchovu wa macho wa wanaotumia kompyuta kuliko lenzi za kawaida. Kama kikundi kina pesa kidogo, msizipeleke huko.

Kabla ya kununua miwani ya mezani sokoni, fanya jambo moja. Funika jicho moja kwa kiganja, tazama mbali, mti au bati la jirani. Halafu funika lingine. Kama jicho moja linaona ukungu au halilingani na mwenzake, usinunue. Miwani ya mezani ina namba moja pande zote mbili na haiwezi kukusaidia, na huenda una mtoto wa jicho au shida nyingine inayotaka daktari.

Kufanya kazi bila kujichosha

Ongeza ukubwa wa maandishi. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta maandishi, yakuze. Tunashangaa ni wahudumu wangapi hawajaambiwa jambo hili, na halina gharama hata ya senti. Kama programu ya kazi itabana maneno baada ya kukuza, rudisha hatua moja.

Kaa kivulini, na jua liwe ubavuni, si nyuma yako likipiga kioo wala mbele likikupiga usoni. Mwenye nyumba akikuletea kiti, usione haya kumwambia, "Mwaitu, naomba tukae upande ule wa ukuta." Kofia yenye ukingo mpana inasaidia njiani pia, kwa maana jua na vumbi la miaka mingi ndivyo vinavyochangia ile nyama inayoota kwenye weupe wa jicho.

Kila baada ya dakika 20 hivi, tazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, ukihesabu polepole hadi 20. Kutoka mlangoni hadi kwenye zizi inatosha. Kisha funga macho taratibu na kufungua mara kadhaa ili machozi yatandae. Nyakati za kufanya hivyo ziko ndani ya kazi yenyewe. Umemaliza kuhesabu pumzi za mtoto dakika nzima (50 au zaidi kwa aliye na miezi 2 hadi 11, 40 au zaidi kwa aliyefikisha mwaka, ni pumzi za haraka), basi kabla ya kuandika inua macho utazame kilima. Lakini namba usiisahau!

Usiku ndio wakati mbaya. Wengi wanaandika kazi ya mchana wakiwa kitandani gizani, simu inang'aa kama kurunzi. Washa taa ya sola nyuma yako, punguza mwanga wa simu ulingane na mwanga wa chumba. Koroboi tungependa iondoke kabisa, moshi wake ni adui wa jicho na wa kifua. Na bora zaidi ni kumaliza kuandika kule kule kwenye boma unalotembelea, wakati mwenye habari yupo akurekebishe.

Kwa wale wa hospitalini: kompyuta iwe mbali kwa urefu wa mkono, ukingo wake wa juu usipite usawa wa macho, dirisha liwe ubavuni, na feni isipige usoni. Na sisi wagonjwa tulio kwenye foleni tuna sehemu yetu. Tukimwona sista amefumba macho kidogo au anatazama nje ya dirisha, tusianze kunung'unika kwamba amelala kazini.

Dawa za dukani na dalili za hatari

Macho yakiwasha, wengi hukimbilia duka la dawa kununua matone, au kuazima chupa ya jirani. Tafadhali sana. Baadhi ya matone yana dawa za jamii ya steroidi. Yanaondoa wekundu upesi, mtu anafurahi, anaendelea wiki baada ya wiki. Dawa hizo zikitumiwa muda mrefu bila daktari zinaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, na presha hiyo huua jicho kimya kimya. Maziwa, asali na maji ya majani, hapana. Kama ni ukavu, yapo matone ya kuongeza machozi yasiyo na dawa kali. Mwulize afisa wa kliniki akuandikie jina.

Usingoje siku ya kliniki kama jicho limepoteza nuru ghafla, kama linauma sana na ni jekundu, kama unaona miale ya umeme au vidoa vyeusi vingi vilivyoanza mara moja, au unaona vitu viwili viwili. Nenda siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri. Aliye na mzazi au ndugu mwenye presha ya jicho, akifika miaka 40 aende apimwe.

Kikundi kinaweza kufanya nini

Tumeona vikundi vikinunua mahema, sufuria na viti vya kukodisha. Miwani pia ni kifaa cha kazi. Kikundi kinaweza kumwalika afisa wa macho kutoka hospitali ya kaunti, Kitui mjini au Wote, au kuuliza hospitali ya misheni iliyo karibu siku gani kuna huduma ya macho, na wanachama wote waliovuka 40 wapimwe siku moja, CHP akiwa wa kwanza. Akitangulia yeye, aibu inaondoka kwa wote. Asiyekuwa na pesa siku hiyo akopeshwe kutoka kwenye mzunguko na arudishe kidogo kidogo.

Anayetumwa hospitalini akumbushwe. Katika kaunti ya Trans Nzoia walifanya jaribio katika shule 50, na matokeo yakatolewa mwaka 2018. Walimu walipima macho ya watoto kwa simu. Pale ambapo wazazi walionyeshwa kwa picha jinsi mtoto wao anavyoona, na wakatumiwa ujumbe wa kuwakumbusha, watoto 54 katika kila 100 waliotumwa walifika hospitali. Pale walipopewa barua tu, walifika 22. Katibu wa kikundi anaweza kufanya kazi hiyo ya kukumbusha kwa simu yake ndogo ya kawaida.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kikundi chetu, ni nani anasogeza simu mbali ili asome? Mhudumu wetu je?

2. Ni nani huandika habari zetu katika simu ya kazi wakati mhudumu amechoka?

3. Namba za vitambulisho zilizoandikwa wakati wa kujiandikisha SHA, tumezihakiki? Kila mtu aje na kitambulisho mkutano ujao tuzilinganishe.

4. Nauli ya bodaboda hadi kliniki ya macho iliyo karibu nasi ni shilingi ngapi, na watu wangapi wakienda pamoja kwa matatu itapungua hadi ngapi?